Utani wa Msibani

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia naona aibu kwanza, kisha hasira. Ilikuwa enzi za mkoloni, huko milimani kwa Wahehe tulikohamia, nusu siku kwa miguu kutoka Iringa mjini. Sisi Wangoni ni watani wa Wahehe. Babu zetu walipigana mikuki mpaka wakachoka, wakabaki kupigana kwa maneno. Mhehe akifa, mtani wake huja msibani, huvaa nguo za marehemu, humwigiza na kuwachekesha wafiwa. Ndiyo mila, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Basi akafa mzee Kihwele, mkulima. Jumbe wetu alikuwa amemtoa kitandani na homa yake, akampeleka kuchimba matuta ya serikali kwenye mvua. Siku ya tatu mzee akaanguka pale pale, jembe mkononi. Kijiji kizima kilijua. Lakini jumbe alitangaza kwamba Kihwele kauawa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kila mtu akafunga mdomo.

Nami, msichana wa miaka kumi na minane niliyejiona fundi wa kuchekesha, nikavaa koti la marehemu, nikashika mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kunywea ulanzi, nikaja nayumbayumba. "Niongezeeni, jamani! Huko niendako mianzi haioti!" Watu walicheka mpaka machozi, na jumbe alicheka kuliko wote. Mjane alijifunika kaniki yake usoni.

Jioni shangazi yangu, aliyenifundisha utani, alinivua lile koti kwa nguvu.

"Umemcheka aliyeanguka, ukamwacha aliyemsukuma," alisema. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe umemnyonga, na haki umempa jumbe. Utani wa namna hiyo hata mbwa wake anauweza."

Sikula siku ile. Siku ya kuondoa matanga nikarudi na koti lile lile, safari hii natetemeka kwa homa, jembe begani. Kisha nikajigeuza jumbe, tumbo mbele: "Kihwele, homa gani hiyo? Dawa ya homa ni matuta. Chimba!" Nikarudi kuwa Kihwele: "Nachimba, bwana jumbe. Hili la mwisho lina urefu wangu kabisa. Sasa niambie, nilale kichwa upande gani?"

Watu wakaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla, na vichwa vikamgeukia jumbe. Mjane akajifunua uso. "Alitolewa kitandani," akasema kwa sauti. "Ulanzi hakuuonja mwezi mzima."

Jumbe akaruka. "Mkamateni huyu msichana!"

Mzee mmoja wa Kihehe akamjibu bila kuinuka, "Mtani hashitakiwi, bwana. Ukikasirika, umekiri."

Sitakudanganya kwamba jumbe alifukuzwa. Alibaki, na wiki ile ile akanipangia matuta kwenye mteremko mbaya kuliko yote. Nilichimba huku namwigiza, na wanawake wenzangu wakacheka kila alipopita. Wasema mwenye nguvu mpishe. Mimi sikumpisha, wala sijuti. Na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumwambia yule mjane kwamba mumewe alikufa mlevi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu unayependa kuchekesha. Hadithi ya kuchekesha hupita kwenye mlango ambao malalamiko hufungiwa. Usiipoteze kwa kumcheka maskini, au marehemu asiyeweza kujibu; mcheka kilema hafi bila kumfika. Ukishawachekesha watu, mtazame anayecheka kuliko wote. Kama ni yule mwenye fimbo, umekosea. Rudi kesho uanze upya.

Mungu akupe ulimi mkali na moyo usio na woga. Na siku wenye fimbo wakikuamuru unyamaze, akujalie pumzi ya kuwachekesha watu zaidi, mbele yao, mchana kweupe.