Walivyolisifu Gari la Baba Hadi Likakosa Mnunuzi

Siku hizi mtu akiniambia anatoa msaada, namuuliza kwanza kama kutakuwa na kipaza sauti. Kama kipo, nabeba mwanangu naenda zangu.

Tabia hii ilinianza miaka ile ya wakimbizi, Kigoma ilipojaa magari meupe yenye antena ndefu na wenye nyumba wakaingiwa na wazimu. Vyumba tulivyokuwa tunapanga sisi vilipakwa chokaa, vikawekewa choo cha kukalia, vikawa vya watu wa mashirika. Aliyekuwa ndani alipewa wiki moja ya kutoka. Jirani yangu pale Kasingirima alipewa siku tatu, kwa sababu ni Mrundi na mwenye nyumba alijua hatakwenda kushtaki popote.

Mama huyu hakuwa wa kambini. Alivuka mpaka zamani, akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia Ujiji, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na watoto watatu na biashara ya mihogo mikavu. Nilipojifungua na homa ikanilaza wiki mbili, yeye ndiye aliyemnyonyesha mwanangu pamoja na wake. Sikumwomba, wala yeye hakulitaja tena. Basi alipofukuzwa alihamia jikoni kwangu na watoto wake. Mume wangu alikuwa mlinzi huko kambini, akirudi mara moja kwa mwezi. Alipowakuta, alisema tu tutafute mkeka mwingine.

Wakati huo wazee wa mtaa, wa kanisani na wa msikitini, walikuwa wameunda kamati ya nyumba za bei nafuu. Utaratibu wao ulikuwa mzuri, hilo siwanyimi. Unapewa kiwanja, unafyatua tofali zako mwenyewe, unainua kuta. Zikifika usawa wa paa, kamati inakuletea mbao, misumari na bati. Jirani yangu alifyatua kiangazi kizima, asubuhi udongo, jioni mihogo, na mimi nikimchotea maji. Kufikia Septemba kuta zilikuwa zimesimama, za tofali mbichi, na kamati haikuwa na bati hata moja. Ilikuwa na mhuri.

Tofali mbichi bila paa zinangoja mvua ya kwanza tu. Ikishanyesha kwa siku mbili, unarudi kwenye shimo la udongo kama vile hujawahi kufanya kazi.

Mimi nilikuwa na gari. Landrova ya marehemu baba, ambayo zamani ilikuwa ya kijani. Alibebea mawese kutoka vijijini, na gari lilinuka mawese hata ukiliosha kwa sabuni ya unga. Alinifundisha kuendesha kwa hilo hilo nikiwa kidato cha pili, barabara ya kwenda Kibirizi. Mguu wangu haukufika vizuri kwenye klachi, akanifungia kipande cha mti juu ya pedeli kwa mpira. Siku ya kuanua tanga baba zangu wadogo walibeba mpaka vijiko, lakini gari waliliacha kwa kuwa linakunywa dizeli kupita kiasi. Wakasema aachiwe binti, ni kumbukumbu. Likakaa uani kwangu. Kuna siku nilikuwa naingia tu na mtoto, nakaa kwenye usukani, nafunga mlango.

Na gari hilo lilibeba maiti. Mtu akifa mtaani, baba alishusha mapipa ya mawese, akatandika mkeka, akapeleka msiba makaburini, hakudai kitu. Yeye mwenyewe tulimpeleka nalo. Kila mtu alijua, na hakuna aliyekuwa akilisema.

Nikawaambia kamati: gari hilo, chukueni, uzeni, mnunue bati, mwanzie kwa jirani yangu. Mnunuzi nilimtafuta mwenyewe, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Alikuja Ijumaa, akaingia uvunguni, akagonga fremu, akasikiliza injini, akasema atalichukua. Kilichobaki ni yeye kukabidhiwa ufunguo. Kama tungekuwa watu wenye akili, ingeishia hapo hapo uani.

Lakini Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa hajahutubia siku nyingi. Alisema jambo kubwa kama lile haliwezi kupita kimyakimya. Likatafutwa turubai, vikakodiwa viti, ikanunuliwa soda ya meza kuu. Gari langu wakalifunga maua ya plastiki kama bibi harusi. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, na sisi tukamngoja juani na watoto, maana ndivyo tulivyolelewa. Mfanyabiashara wa dagaa walimketisha mstari wa pili ili apigwe picha akipokea ufunguo.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Akasema juu ya baba yangu maneno ambayo hakumwambia alipokuwa hai. Kisha akageukia gari.

"Mheshimiwa, gari hili unaloliona ndilo lililotusitiri," alisema. "Hakuna kaburi Kasingirima ambalo mtu wake hakuletwa na gari hili. Waliolala humo nyuma ni wengi kuliko sisi tulioketi hapa."

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akaanza kulia. Mwenyekiti akanogewa, akawataja marehemu mmoja mmoja, hata wa kipindupindu hakuwaacha, akaeleza nani alivuja mpaka mkeka ukatupwa. Mimi nilikuwa namtazama yule wa dagaa. Alivua kofia, akaishika magotini, akaitazama. Alipoitwa kupokea ufunguo, kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkimbilia mpaka njiani. Nikamuuliza kama hakuwa anajua.

"Nilijua, dada," alisema. "Sasa na wateja wangu wanajua kwamba nilijua. Mimi nauza chakula."

Alikuwa na haki yake. Baada ya hapo hakuna aliyelitaka: mwenye duka la unga hapana, wa mkate hapana, wa kubeba abiria ndiyo usiseme. Mwenyekiti alimaliza wanunuzi wote wa Kigoma kwa hotuba moja, na akarudi nyumbani akijisifu kwamba watu walilia.

Kisha kamati ikakaa, ikaona kwamba kumbe ni mapenzi ya Mungu. Kwa heshima ya marehemu, gari libaki la kamati, lisaidie misiba. Misiba ilisaidiwa miwili. Siku zilizobaki lilimpeleka Mwenyekiti kwenye vikao, kwenye arusi ya mpwa wake, na kuchukua mkaa. Nilikuwa nikilisikia likipita, nikiwa nafua, na nilijua kwa mlio tu kwamba anabadilisha gia vibaya.

Oktoba ikanyesha manyunyu, nusu saa tu. Tulikwenda kuangalia nyumba. Pembe moja ilikuwa imelegea, na tofali za juu zimevimba kama mkate uliolowekwa chai. Jirani yangu alizifunika kwa majani ya migomba, akayawekea mawe. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti.

Alinipokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu, akaniuliza habari za mume. Nilipoeleza, akanicheka kidogo kama unavyomcheka mwanafunzi.

"Mwanangu, ukishatoa umetoa. Mkono uliotoa haurudi kwenye sahani."

Alikuwa anajitungia methali huyo mzee. Nikamwambia, "Mimi nilitoa bati, Mwenyekiti. Gari lilikuwa njia ya kulifikia."

Akasema nitaelewa nikikua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto titini.

Nilirudi nikamwambia jirani afunge mikeka, ahamie na watoto wake barazani kwa Mwenyekiti, tumwone atakula vipi. Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata macho.

"Nimehamishwa mara nyingi, mdogo wangu," alisema. "Sihamishwi tena ili mtu mwingine aaibike."

Aliniaibisha mimi badala yake, na nilistahili. Basi nikahama mwenyewe. Nilibeba mwanangu, mkeka, jiko la mkaa na sufuria, nikatandika barazani kwa Mwenyekiti, karibu kabisa na mlango wa sebule. Nikakaanga migebuka, samaki wa ziwani. Mtoto akilia nilimwacha alie. Kila mgeni aliyeingia alinisalimu, akauliza kulikoni mama, na nilimweleza tangu mwanzo, taratibu, bila tusi hata moja. Siku ya kwanza walikuja saba. Mwenyekiti alipitia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe.

Siku ya pili, adhuhuri, alitoka mke wake. Nikajua nafukuzwa. Akanitupia ufunguo pajani.

"Lichukue," alisema. "Nami nimechoka. Kila nikipanda ananionyesha fulani alilala wapi."

Nililiendesha mimi, mtoto amefungwa mgongoni, mpaka kwa fundi karibu na ziwa. Nikamwambia alifungue lote. Fundi ambaye alimjua baba aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia afanye haraka kabla sijabadili mawazo.

Injini ilinunuliwa na mwenye boti la abiria wa Mwamgongo. Sikutaka ujinga urudiwe, nikamwambia mapema injini hiyo ilibeba nini. Akashangaa kwa nini namweleza.

"Ziwani huku, dada, chombo gani hakijabeba maiti?"

Bodi ilikuwa ya aluminiamu, wakaichukua mafundi wanaoyeyusha na kusubu sufuria. Ekseli na magurudumu vikaenda kwenye mikokoteni. Nilikaa pale mpaka likabaki doa la mafuta mchangani. Sitasema nililia. Nilikuwa na hasira mno hata kulia nisiweze, na nilikuwa sijui tena namkasirikia nani: Mwenyekiti, baba aliyekufa mapema, au mimi mwenyewe niliyekubali kwenda kukaa chini ya lile turubai.

Bati na mbao tulizipeleka kiwanjani kwa mkokoteni, bila kupitia kamati. Pembe iliyolegea ilijengwa upya. Paa lilikamilika Jumatano. Mlango haukuwapo, tulining'iniza gunia.

Jumamosi Mwenyekiti alifika na mgeni rasmi yule yule, mpiga picha, utepe mwekundu na mkasi. Kamati, alieleza, imekuja kuzindua nyumba yake ya kwanza. Wingu lilikuwa limeshashuka juu ya ziwa. Jirani yangu alifunua gunia, mwiko mkononi, akawapa shikamoo zao wote kwa adabu. Kisha akasema watoto wanakula, wangoje kidogo nje, akaliteremsha gunia.

Mimi nilikuwa ndani. Tulisikia tone la kwanza juu ya bati, halafu mengi, mpaka hatukusikia tena walichokuwa wanasema huko nje. Mtoto wake mkubwa aliuliza kama wakaribishwe.

"Umeshashiba?" mama yake akamuuliza.

Akasema bado. Akamwongeza ugali.