Fundi Aliyepima kwa Mdomo

Kabla hujaniita mwongo, njoo Ilemela unione nikipanda ngazi za kanisani. Utanikuta nimekaa kitako katikati kama bibi kizee, na mimi ni kijana niliyekuwa nabeba gia boksi begani. Jambo hili lilinipata mchana, mvua ikinyesha, wala sikuwa nimeonja kitu. Masanja, fundi mwenzangu wa gerejini, yupo hai na gari aliliona. Muulize.

Wiki ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani, harusi ya dada yangu Minza, Jumamosi, kule Kisesa. Baba yetu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia, na alipofariki tarumbeta ikabaki kwangu. Minza hakutaka muziki wa spika wa kumwingiza kanisani. "Kaka, nikiisikia tarumbeta ya baba nitajua mzee yupo," aliniambia. Basi kila jioni nilipanda juu ya mawe nyuma ya gereji nikapuliza mpaka majirani wakalalamika. Nilikuwa na kifua, niamini. Nilikijivunia kuliko hata ufundi wangu.

Alhamisi ikaingia Benzi ya zamani, nyeusi, inaendeshwa na mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge kizuri. Alisubiri ndani, vioo vyote vimepandishwa, mimi nikimalizia gari la mteja mwingine. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Wewe umeshakaa kwenye gari lililofungwa wakati wa mvua, si vioo vinaingia ukungu? Vyake vilikuwa safi kabisa, unaona mpaka hereni.

"Shikamoo, mama."

Akatikisa kichwa tu. Nikasema moyoni, hawa wenye Benzi na maringo yao.

"Mlango," akasema. "Wa nyuma. Haufungi."

Alitoa maneno kwa kubana, kama muuza duka anayekupimia sukari.

Sasa, Benzi hizi za zamani hazifungi milango kwa umeme kama magari ya leo. Ukizungusha ufunguo, pampu ndogo kwenye buti inavuta hewa kupitia vimipira vyembamba vinavyokwenda kila mlango. Ndani ya mlango kuna kikopo cha plastiki chenye utando wa mpira. Hewa ikivutwa, utando unashuka na kitasa kinajifunga. Pakiwa na tundu mahali, pampu inahangaika bure. Nikamwomba azungushe ufunguo. Pampu ikanguruma weee, milango mingine ikafunga kwa shida, wa nyuma kushoto ukabaki vilevile.

Nikabana vimipira kimoja kimoja kwa koleo. Nilipobana cha nyuma kushoto, pampu ikatulia papo hapo, nikajua ugonjwa uko huko. Nikafungua mlango, nikabandua kadibodi yake ya ndani. Kwenye bawaba mpira ulikuwa umepasuka kwa kukunjwakunjwa, nikaukata nikaunga kwa kipande cha mpira wa dripu ya hospitali, maana ndiyo spea tuliyonayo. Tukajaribu tena. Bado. Kikawa kimebaki kile kikopo.

Fundi mwenye vifaa anapima kikopo kwa pampu ya mkono yenye saa ya kuonyesha mvuto wa hewa. Sisi tunapima kwa mdomo. Unavuta hewa kwenye mpira, halafu unaziba kwa ulimi. Ulimi ukinaswa ukabaki hapo, utando ni mzima. Ukiachia, umetoboka. Gereji nzima kazi hiyo walikuwa wananiachia mimi, mwenye kifua.

Nikapiga magoti kwenye tope, nikavuta. Ulimi ukanaswa. Nikafurahi, nikajua utando ni mzima.

Kisha mpira ukaanza kunivuta mimi.

Ulinivuta polepole, bila haraka yoyote. Hewa ya kifuani ikaondoka, ikafuata ya chini yake, ikafuata ile ambayo hata mtu hajui kama anayo. Mdomoni nikasikia ladha ya maji ya ziwa yaliyolala chini ya magugu. Nikajaribu kuung'oa ulimi, haung'oki. Nikapiga bodi ya gari kwa ngumi. Masanja alikuwa chini ya lori hapo jirani, redio yake inaimba, akacheka, "We nawe, polepole na Benzi ya watu!" Niliogopa kufa, sikufichi. Nikainua macho. Yule mwanamke alikuwa amegeuka kwenye kiti, ananitazama, na kifua chake kinapanda.

Milango yote ikajifunga, ka! Ulimi ukaachia, nikaanguka chali.

"Marahaba, fundi," akasema. "Uliniamkia nikashindwa kuitikia, unisamehe. Mpira hauna shida. Yule wa Nyakato niliyempitia kabla yako alikuwa mvuta sigara, pumzi yake haikunifikisha popote. Hii yako ni nzuri sana."

Maneno yote hayo kwa mkupuo mmoja. Nikanyoosha mkono. Sauti iliyonitoka hata sisimizi asingeisikia.

"Mama... nina harusi..."

"Najua. Wewe ndiye wa tarumbeta. Nimekusikiliza jioni zote ukiwa kule juu ya mawe." Akatabasamu, tena kwa upole. "Usilie. Nimekuachia ya kutembelea."

Masanja alitoka chini ya lori akamwelekeza kurudi nyuma hadi barabarani, akampungia na mkono. Anakumbuka kitu kimoja, kwamba vioo vilikuwa vimejaa ukungu mpaka akashangaa mama yule anaonaje njia.

Hospitali walipiga picha, wakaniambia mapafu ni safi. Sikumwambia Minza. Ningeanzia wapi? Jumamosi akasimama mlangoni pa kanisa na shela lake, mkono amemshika mama yetu, anasubiri sauti ya kwanza. Nikainua tarumbeta ya baba. Ikatoka fyuu, kama tairi la baiskeli. Nikajaribu tena, ikatoka mate. Watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata. Minza alinitazama mimi tu.

Ndipo nyuma kabisa, kwenye umati, kikapanda kigelegele. Kikapanda, kikaenda, kikaenda, bila kukata, kirefu kuliko mwanamke yeyote anavyoweza. Wanawake wakageuka kumsifu aliyekipiga. Mimi sikugeuka. Pumzi ile niliijua.

Minza hajanisamehe mpaka leo, anasema nilikuwa nimelewa siku ya harusi yake. Nami nikitaka kujieleza, nafika katikati nachoka. Asubuhi nikinyoa napulizia kioo kwa mdomo, hakiingii hata alama ya ukungu.

Kwa hiyo wewe fundi, popote ulipo, nunua pampu ya mkono. Likija gari la zamani siku ya mvua na vioo vyake havina ukungu, mwambie mwenyewe hujui kazi, akutukane, aondoke. Usipige magoti. Usiweke mdomo. Mimi nimebakiziwa pumzi ya kutembelea tu, na hii niliyokusimulia nayo, hapa ndipo inaponiishia.