Shamba la Mama Limehamia Shimo la Saba

Nimesikia mtu kaibiwa mbuzi. Nimesikia mtu kaibiwa mlango wa nyumba. Mimi nilifika kwetu Kibumba, juu ya Goma, nikakuta shamba la mama yangu halipo.

Sikilizeni vizuri. Sisemi limeuzwa. Sisemi mtu kalivamia akalima. Nasema halipo.

Miti ya mpaka ilikuwa imesimama. Katikati, pale penye udongo mweusi uliotulisha tangu babu, palikuwa mawe tupu ya volkano, yametoa meno.

Mama yangu, Mukantwari, alikuwa amekaa juu ya jiwe moja, mikono mapajani.

Mgongoni nilikuwa na gunia la mbegu ya viazi. Mvua ya Septemba ilikuwa imeanza kunukia.

"Mama, udongo uko wapi?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mlevi.

"Weye unaniuliza mimi? Si ni weye uliwatuma?"

Ngoja niwaeleze tulivyofika hapo.

Naitwa Habumugisha. Shule niliacha mwaka wa tano wa primaire. Mengine nimejisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia sabuni, sheria ya ardhi, kila karatasi iliyopita mbele yangu. Na sisahau. Nakumbuka lava ya 2002 na ile ya 2021. Nakumbuka kila mkubwa aliyekuja kwetu na ahadi, na shati alilovaa siku hiyo.

Vita vilitutoa Kibumba mwaka 2022. Tukalala chini ya bâche, hema la plastiki, kule Kibati, zaidi ya miaka miwili. Kambi zikavunjwa, tukaambiwa rudini kwenu.

Mama akarudi. Nyumba hakuikuta. Shamba alilikuta. Hilo tu ndilo lilikuwa linamwamsha asubuhi.

Mimi nikabaki Goma kutafuta mbegu. Benki zimefungwa, kazi hakuna, mji umekauka. Ndipo nikasikia kuna kampuni inachukua watu kando ya ziwa.

Kampuni ilikuwa inatengeneza uwanja wa golfu.

Ndiyo. Golfu. Goma. Eti maharusi wapya waje kula fungate.

Karatasi zao za rangi zilionyesha bahari, mchanga mweupe, bwana na bibi harusi wameshika fimbo. Kambere, Mnande wa Butembo niliyekuwa nashika naye reki, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bahari gani haina chumvi? Na mutu ameoa jana, badala ya kubaki chumbani, anakuja kufukuza kampira kwenye majani?"

"Labda mke ndiye amemfukuza."

"Basi akapige mpaka Bukavu!"

Siku zile nilikuwa bado nacheka.

Shida ya golfu Goma ni mawe. Majani hayaoti juu ya lava. Kwa hiyo kila siku camion, malori makubwa, zilimwaga udongo, sisi tunausambaza na reki. Unatoka wapi? Hatukuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza. Kichwani kulikuwa na mbegu tu.

Haya, turudi kwa mama juu ya jiwe.

"Walikuja na camion tatu," akasema. "Mukubwa wao Carlos. Akaniita kwa jina langu, kwa heshima. Akasema mama, mutoto wako ni mutu wetu, ndiye ametutuma. Akajua mpaka kule chini karibu na muparachichi, bulongo inafika kiunoni. Nani mungine anajua ile, mutoto wangu? Nani?"

"Walikupa nini?"

"Unga magunia mawili. Na bâche. Nilifikiri wanakwaruza juu tu. Nikasema, mutoto wangu anasoma papier zote. Sikuogopa."

Nikatua gunia, nikakaa kwenye jiwe lingine.

Kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye niliyesema.

Carlos, shefu wetu, alikuja siku moja saa sita mchana akakaa nasi chini, akala maharage yetu. Akauliza kwa sauti laini: "Wenye kulima, kwenu udongo unafika wapi?"

Usiyekulia juu ya lava huwezi kuelewa. Kwetu mtu hajisifu kwa gari. Anajisifu kwa udongo, bulongo: unachimba mpaka wapi kabla jembe halijagonga jiwe. Wa Kibati akaonyesha goti. Mwingine akaonyesha paja. Mimi nishindwe?

Nikasimama. Nikaweka mkono kiunoni. "Kwa mama yangu, chini ya mparachichi? Mpaka hapa!"

Wakapiga makofi. Carlos akauliza jina la mama. Nikamtajia. Na njia ya kufika, nikamtajia.

Kuna kibaya zaidi.

Wiki mbili baadaye, pale tulipokuwa tunatengeneza shimo la saba la golfu, nilikuta viazi vimechipua ndani ya udongo mpya. Vyenye macho ya pinki, kama vya mama. Carlos akasema toa takataka hizo. Nikavitupa ziwani. Kwa mkono huu.

Siku ileile niliyomkuta mama juu ya jiwe, nilishuka Goma kwa chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimekalia makabichi yake.

"Rudisha," nikamwambia Carlos.

"Mama yako ameweka kidole kwenye contrat ya kuuza udongo. Na camion zangu hazipandishi udongo, zinashusha."

Nikawageukia wenzangu. "Wekeni reki chini! Leo ni mama yangu, kesho ni wenu!"

Reki zilianguka. Zote! Nilizisikia zikigonga mawe, nikajua tumeshinda.

Carlos hakupiga kelele. Alionyesha kidole getini. Nje kulikuwa na watu wengi, wamekuja na majembe yao wenyewe, wanangoja mtu aache nafasi.

Kambere ndiye alikuwa wa kwanza kuinama kuokota reki.

"Unisamehe, ndugu yangu. Niko na watoto wane."

Walinzi wakanibeba mikono na miguu, wakanitupa barabarani.

Nikarudi Kibumba kwa mama, na gunia la mbegu tukalila. Andikeni hilo mahali. Mkulima wa Kibumba kapika mbegu yake.

Lilipoisha, mimi nikarudi mjini kushinda getini pa kampuni, na siku moja mama akashuka kwa miguu. Nilifikiri anakuja kunilaani. Alinipita getini hata bila salamu, akaingia kwa Carlos.

"Shefu, niko natafuta kazi."

Wakampa kofia ya kampuni na mpira wa maji. Wakamweka shimo la saba. Aliliomba mwenyewe.

Nikamngojea jioni, nikamfokea. "Mama, unawamwagilia wezi majani?"

"Namwagilia bulongo yangu. Nikiiacha peke yake itanisahau."

Jumamosi iliyopita maharusi walikuja kupiga picha. Niliona kupitia tundu la ukuta wa mawe. Bibi harusi, gauni jeupe, viatu mkononi, anacheka jinsi majani yalivyo laini.

"Mama, songa kidogo," mpiga picha akasema, "unaonekana."

Mama akasonga. Akaenda kusimama juu ya lava.

Mwenye bunduki alitukimbiza, shamba likatungoja. Moto wa mlima ulikula nyumba za watu, ardhi ikabaki mahali pake. Huyu wa sasa hakushika hata fimbo. Alikaa chini, akala maharage yetu, akauliza vizuri.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma hii: mgeni akianza kukuuliza uzuri wa kwenu, meza sifa zako. Muulize yeye kwanza kwao kuna nini, na kwa nini hakukaa huko.