Risasi Nzito

Mwaka tisini na nne, askari wa wanyamapori aliyekuwa jirani yetu mtaani Kashaulili, Mpanda, alisafisha bunduki barazani kila Jumamosi. Akimaliza, aliweka risasi mbili za bunduki yake kubwa ya magnam viganjani, moja kila mkono, akafumba macho. "Hii nyepesi inakwenda mbali, ya swala na pundamilia," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Hii nzito haiendi mbali, lakini ikifika imefika." Kuhusu nyati hakubishana na mtu. Ni nzito tu.

Siku nyati aliyejeruhiwa na wawindaji alipojificha kwenye mashamba ya mpunga kijijini Mwamkulu, baada ya kumvunja mguu mzee Makarius, tulimwona jirani yetu akiingia peke yake, taratibu, kama anayetafuta kisu alichoangusha. Mlio ulikuwa mmoja. Alipotoka, mama Romana mwenye shamba alimpa kikombe cha maji. Mikono ilimtetemeka, maji yote yakamwagikia kifuani.

"Umeumia?" mama Romana akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa hatua nne tu kutoka kwangu."

Akaomba maji mengine, akamwomba mama amshikie kikombe.