Mawe ya Paa la Bibi

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu: nyumba ya Bibi kule Mkolani inaezekwa upya, kama kuna kitu changu nije nikichukue. Nilifika saa nne asubuhi. Fundi alikuwa juu ya paa akiyasukuma mawe, yanaanguka uani moja baada ya jingine kwa kishindo. Bati jipya litashikwa kwa skrubu, halihitaji mawe ya kulizuia lisiondoke na upepo. "Dada, haya mawe tukayamwage wapi?" akauliza. Swali dogo tu. Nikakaa kizingitini kama mgonjwa. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi hapo na Babu na Bibi. Nyuma ya nyumba palikuwa na mwamba mpana, na juu yake Bibi alimalizia kukausha dagaa aliowanunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza kuku na kunguru. Nilinuka dagaa mpaka kwenye nywele, na darasani kuna binti alihama dawati kwa sababu yangu. Jioni tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, kila mtu na konzi yake ya karanga. Upepo wa ziwani ukianza, mawe yalikwaruza bati taratibu, krr, krr, nami sikujua kwamba kuna nyumba zisizotoa sauti ile.

Babu na Bibi walikuwa wamezaa watoto sita bila kufunga ndoa kanisani. Hapakuwa na ajabu. Ng'ombe wa mahari walitoka, watu wakala, maisha yakaendelea. Lakini kila baada ya miaka kadhaa parokia iliwaita wazee wa namna hiyo na kubariki ndoa zao zote siku moja, maharusi wenye mvi wakisindikizwa na wajukuu wao. Babu aliitaka sana siku hiyo. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na alitamani kupokea komunyo akiwa na mkewe kabla hajashindwa kufika kanisani. Aliyekataa ni Bibi. Katekista alipokuja kusema majina yafike kabla ya misa ya Jumapili, Bibi alimjibu huku akipepeta dagaa, "Siwezi kuapa mbele ya Mungu na mtu ambaye hajawahi kuniambia neno la kweli."

Babu akanifuata mimi. Shuleni nilijulikana kwa mashairi, mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameshanisimamisha nisome mbele ya darasa lote, na kichwa kilikuwa kimenivimba kuliko miguu ya Babu. "Mchumba," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani siku zote, "niandikie maneno ya mapenzi. Yawe mazito."

Niliandika usiku mmoja tu. Niliweka waridi, nikaweka mbalamwezi, asali na lulu, na vina vyote vikakaa sawa. Waridi lenyewe sikuwahi kuliona. Babu hakuwa msomaji, kwa hiyo nilimsomea mpaka akakariri. Siku tatu alizunguka na mbuzi wake akinong'ona waridi, waridi.

Ijumaa asubuhi alisimama kando ya mwamba, akavua kofia, akaanza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, ungo mkononi.

"Shairi zuri," akasema. "Mpelekee mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyo wa waridi. Mimi simjui."

Akarudi kwenye dagaa wake. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Babu alivaa kofia yake na kuondoka bila kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi mchana ikaja mvua ya upepo. Mawe mawili yakaporomoka, na bati la upande wa jikoni likaanza kupiga makofi. Mvua ilipopungua, Babu alipanda ngazi na miguu yake ile ile mibovu. Bibi akaishika ngazi kwa chini. Mimi nilifunga mawe kwa kamba, naye Babu akayavuta juu. Jirani yetu muuza maandazi alitoka mlangoni kutazama, maana mzee wa umri ule juu ya bati lenye maji si jambo la kupuuza.

Babu aliliweka jiwe la pili mahali pake, lakini hakushuka. Alikaa kando yake, mkono juu ya jiwe, kisha akaanza kumwambia Bibi kwa Kisukuma, polepole. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

Wewe ni jiwe la bati langu.
Jua likiwaka hakuna anayekutazama,
hata mimi sikukutazama.
Una uzito, unakwaruza, mgongo umeniuma kwa ajili yako.
Nilikwenda visiwani miaka mitatu, nikakuacha na upepo.
Nilisema nafuata samaki. Nilimfuata mwanamke.
Kule nikasikia harufu ya dagaa wa watu, nikalia, nikaijua kuwa ni yako.
Nilirudi nikakuta nyumba ina paa.

Jirani akaziba mdomo kwa kanga. Habari ya mwanamke wa visiwani sikuwahi kuisikia, lakini si hiyo iliyonishangaza. Nilishangaa kwamba jiwe, kitu nilichokipita kila siku, limebeba yote ambayo waridi langu lilishindwa kuyagusa. Na dagaa! Harufu niliyoionea haya ilikuwa imemliza mtu mzima kisiwani.

Maji yalimdondoka Bibi usoni. Mikono yake haikuiachia ngazi.

"Watoto walilala njaa," akasema.

"Walilala njaa," Babu akajibu.

"Haya, shuka. Utaanguka."

Kesho yake, kabla ya misa, Bibi alikwenda mwenyewe kwa katekista kuandikisha majina yao. Siku ya ndoa alivaa kitenge kipya na viatu vilivyombana. Alikuwa ameoga kwa sabuni ya kunukia, lakini pale mbele nilimwona Babu akiinama shingoni kwake na kuvuta pumzi kwa nguvu, halafu akatabasamu. Nilijua amepata alichokuwa anakitafuta.

Leo nafundisha Kiswahili sekondari. Wanafunzi wangu wakiniletea shairi la mapenzi nawauliza waridi hilo waliliona wapi. Wengine hununa. Siwalaumu, hata mimi nilinuna.

Wazee wangu wote wawili wamelala nyuma ya nyumba. Mwamba wa dagaa ulipasuliwa kokoto, umebaki shimo lenye maji machafu. Mbuzi hakuna, michembe nanunua sokoni, na kuanzia wiki ile bati la Mkolani halikwaruzi tena.

Niliyashika mawe yale moja moja nikitafuta lile la Babu. Yalikuwa kumi na moja, yote yanafanana. Basi nikamwambia fundi anisaidie kuyabeba yote, tukayapanga juu ya kaburi la Babu.

"Na kwa Bibi tusiweke hata moja?" aliuliza, akijifuta jasho.

Nikamwambia hapana. Bibi hakuwahi kupeperuka.