Tulivyomshika Mjomba Kisimani

Mjomba wangu ana meno ya bandia, ya juu na ya chini, na kwa miaka mingi pale Tongoni hakuna aliyejua ila mama yangu, ambaye ni dada yake, na mimi niliyeyaona siku moja yamelala kwenye glasi nikadhani nimeona jini. Mjomba ni mjane, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kufukizwa udi. Heri watu wajue umri wake wa kweli kuliko wajue habari ya meno.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Tanga mjini kuja kuwasalimu. Asubuhi na mapema mjomba alikwenda kisimani kusukutua, akapaliwa, akakohoa, na meno yakatumbukia. Hakumwambia mtu. Wanaume wa mtaa walikuwa wanakwenda kuzika Maramba, na lori lilipokuja kuwachukua, mjomba alijifunika shuka mpaka puani, akaonyesha kwa mkono kwamba tumbo linamsokota. Wakampa pole, wakaenda zao. Siye wanawake tukanywa chai ya maji ya kisima kile kile, tena tukaisifu.

Lori lilipoishia, mjomba akafunga kamba kwenye mnazi, akajifunga shuka kiunoni, akashuka. Kamba ilikatika njiani.

Aliyemsikia kwanza ni jirani yetu, mama mmoja mwenye mwili anayekaanga samaki uani kwake. Alikuja jikoni kwetu mbio, upawa ungali mkononi.

"Dada, kaka yako yumo kisimani anapiga kelele, 'Nifaidieni! Nifaidieni!' Miye mke wa mtu, mume wangu yuko mazikoni. Maneno gani hayo?"

Mama alimkodolea macho, kisha akaelewa. "Nisaidieni! Anasema nisaidieni, mwanamke weye! Hana meno!"

Siri ya miaka yote ikaishia hapo.

Tulimkuta maji yamemfika kidevuni. Mguu ulikuwa umevunjika na shuka lilikuwa limemvuka na kuzama. Jirani akaleta kamba nene ya mashua ya mumewe, tukaitia kitanzi, tukaishusha, mjomba akakipitisha kwapani. Wanawake sita saba tukavuta. Alipanda kidogo, mara kuta zikaanza kumeguka na mawe yakamdondokea kichwani. Ikabidi tusimame hapo hapo: kumtoa hatuwezi, kumwachia hatuthubutu.

Jirani akaanza kukaza kanga ili ashuke mwenyewe. Nikapiga simu zimamoto, huku mkono mmoja uko kwenye kamba. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeuliza bei ya machungwa Muheza. "Asishuke mtu mwingine. Kisimani hewa inaweza kuwa mbaya, mtatuletea wagonjwa wawili. Mshikeni hivyo hivyo, msemesheni asilale. Tunakuja."

Basi tukamshika. Mjomba kutoka chini akadai kitu kimoja tu.

"Wanawake waondoke! Fitoki uchi mbele ya wanawake!"

Mama akainama kwenye mdomo wa kisima. "Kaka, tukiondoka siye, na weye unaondoka. Ila weye utakwenda chini."

Tulicheka mpaka mikono ikalegea, na kamba ikaponyoka kidogo. Mjomba akazama. Tuliikamata kwa kucha, tukaivuta kwa kelele za "Yaa Rabbi!", na alipotokeza akikohoa hakuna aliyecheka tena. Jirani akajizungushia kamba kiunoni mizunguko miwili, akakaa chini mchangani, akakita visigino. "Nimekaa," akasema. "Anayemtaka huyu mzee chini, aanze na mimi."

Hakuinuka. Kiganjani ngozi ilimtoka, uani samaki wakaungua mpaka tukasikia harufu, naye hakugeuza hata shingo. Mama alimsemesha kaka yake kwa njia aliyoijua, yaani kumgombeza. Alimkumbusha kuku aliyemwiba utotoni, akamkumbusha harusi aliyochelewa, yake mwenyewe. Mwanzoni mjomba alibisha kila neno. Baadaye akawa anaitikia "mm" tu, na mama akazidisha sauti, machozi yanamtoka huku anamtukana.

Gari jekundu lilipoingia mtaani, tulilia sote kwa pamoja. Walisimika chuma cha miguu mitatu juu ya kisima, wakafunga kapi na mikanda, na mmoja wao akavaa mtungi wa hewa, akashuka. Tukasikia sauti yake kule chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weye ni mwanamume au mwanamke?"

"Mimi ni zimamoto, mzee. Nyanyua mikono."

Alikuwa binti wa umri wa wajukuu wa mjomba. Alimfunga blanketi kwanza, ndipo akamfunga mikanda, bila kuambiwa. Mjomba akapanda polepole mpaka juani, ngumi moja ameifumba. Alipoifumbua meno yalikuwa humo. Aliyapata kwa kidole cha mguu, akasema, pale alipozama. Akayavaa palepale, akajipangusa uso, akawaambia kwa Kiswahili safi, "Ahsanteni sana, wanangu."

Walimfunga mguu vizuri, wakamlaza kwenye gari la wagonjwa lililowafuata. Yule binti akakaa na jirani yetu, akamsafisha viganja na kumfunga bandeji, akamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyemwokoa. Sisi tumekuja kumchukua tu."

Mama alikuwa amekwisha bandika wali. Ulipoiva, zimamoto walipoanza tu kula, redio ya gari ikakoroma: ajali, barabara ya Muheza. Walinyanyuka na matonge mkononi. Mama akalikimbilia gari na sufuria nzima, akamsukumia yule binti dirishani, naye akaipakata mapajani wakaondoka na king'ora. Mama yangu ni mtu wa kufuata hata bakuli nyumba ya tatu. Ile sufuria haijarudi mpaka leo, na hajaiulizia.