Mpangaji Arudi Jikoni

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la mtu mmoja tu. Ukimuulizia, hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyooshea kidole kwenye nyumba ya mlango wa kijani, ile inayonukia siagi na limau kila kiangazi. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Vipimo vyake vyote vilikuwa kikombe cha bati kilichong'oka mpini, mwiko, na jicho. Kwa jicho hilo aliweza kukwambia kama rojo la keki limekorogeka au bado, wakati wewe huoni tofauti yoyote.

Keki yake ilikuwa ya duara, yenye tundu katikati na mifereji mbavuni, kwa sababu aliioka kwenye kalibu nzito ya bati iliyochongwa hivyo. Ndani alijaza matunda ya kiangazi yaliyochumwa siku ileile: stroberi, rasiberi, forosadi. Ganda la limau alilikwaruza juu ya sukari, kisha akalifikicha kwa vidole mpaka sukari yenyewe ikalowa na kunukia. Watu walikula, wakalamba vidole, wakanyamaza. Kwake yeye, ule unyamavu ulikuwa shukrani tosha.

Kisha akaja Mpangaji.

Mpangaji alikuwa mshonaji. Alikodi chumba cha uani, akaja na cherehani moja, sanduku moja, na kicheko ambacho kwa maoni ya Mama Keki kilikuwa kirefu kuliko jambo linalochekwa. Jioni aliingia jikoni na daftari lake, akakaa kwenye kigoda, akaandika huku wakipiga soga. Mama Keki alidhani mwenzake anaandika vipimo vya magauni ya wateja. Kumbe kati ya kifua cha huyu na kiuno cha yule kulikuwa na vikombe vyake vitatu vya unga, mayai yake manne na malimau yake mawili. Baada ya miaka miwili Mpangaji akahama. Alihama na sanduku, na daftari, na mume wa Mama Keki, fundi wa mafriji, ambaye siku hiyo aliibeba ile cherehani begani kwa uangalifu ambao hakuwahi kumbeba nao hata mtoto wake.

Hayo yalikuwa yametimiza miaka saba. Mwanamke yule alikuwa ameshapata nyumba, mume na wateja, lakini kinywani mwa Mama Keki alibaki kuwa Mpangaji. Mume mwenyewe hakumlilia sana. Alikuwa anakoroma, na alikuwa na tabia ya kuacha soksi juu ya meza. Kilichomuuma ni kwamba Mpangaji naye alianza kuoka keki ya tundu, mtaa wa pili tu, akiimwagia juu sukari nyeupe ya limau, na watu wakaanza kumwita Mama Keki. Ili wasichanganye, walisema Mama Keki Mpya na Mama Keki wa Zamani. Wa zamani, kama friji.

Mwaka huo binti yake wa pekee, nesi, alikuwa anaolewa. Mama Keki alikuwa na haja moja tu na harusi ile. Hakutaka gauni jipya wala kiti cha mbele. Alitaka bibi harusi akate keki ya mama yake, mbele ya watu wote, na yule fundi wa mafriji akiwepo aone.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu, alikuja wifi yake. Huyu alikuwa dada wa yule mume, na baada ya talaka aliendelea kuja kwa sababu alimpenda Mama Keki na kwa sababu alipenda umbea, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia. Alivua viatu, akajipepea kwa kanga.

"Wifi, nina neno. Lakini usije ukaninunia, mimi ni mdomo tu."

"Huo mdomo ndio ninaouogopa. Sema."

"Binti yako kamwomba na mwenzio aoke."

"Mwenzangu nani?"

"Wifi, usinitoe jasho. Mpangaji."

Mama Keki alikuwa anachekecha unga. Aliendelea kuchekecha, ingawa chekeche lilikuwa tupu.

Jioni binti alipotoka kazini, mama yake hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Nimekuwa kiwete, siyo?"

"Mama, wageni mia mbili. Keki tisa. Huwezi peke yako."

"Nimeshaoka kumi na tano kwa siku."

"Ulikuwa na miaka thelathini. Wewe utaoka sita, mama mdogo ataoka tatu."

Mama mdogo. Neno lile lilimpita Mama Keki kama sindano ya cherehani, likaingia na kutoka. Hakujua kama binti yake humwita hivyo siku zote au limemponyoka leo.

"Aoke kwake basi."

"Oveni yake imekufa."

"Na baba yako fundi mzima anashindwa na oveni?"

"Baba anatengeneza vinavyopoza, Mama, siyo vinavyochoma." Binti akacheka, akaona mama yake hacheki, akaacha. "Atakuja kuoka hapa, Ijumaa. Naomba tu msigombane."

"Na ile ya kukata? Ile ya bibi na bwana harusi?"

"Nitachagua nikiziona."

Mama Keki akasema sawa. Alisema sawa kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino.

Ijumaa saa mbili asubuhi mkulima alileta matunda, trei kwa trei, bado yana umande. Saa mbili na nusu Mpangaji alipiga hodi. Alikuwa amenenepa kidogo, na Mama Keki alilipokea jambo hilo kwa furaha ndogo ya siri. Lakini alikuwa na aproni aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko na mshono mzuri, na ile furaha ikaisha.

"Hodi, dada."

"Mlango uko wazi."

"Hujambo?"

"Unaniona."

Walifanya kazi bila maneno mengi. Mmoja alivunja mayai, mwingine alikoroga siagi. Mikono ya Mpangaji ilikwenda njia zilezile za mikono ya Mama Keki: ilifikicha limau kwenye sukari vilevile, ilipaka siagi kwenye kila mfereji wa kalibu kwa kidole cha shahada vilevile. Hilo ndilo lililomuudhi. Ilikuwa kama kumwona mtu barabarani amevaa nguo yako uliyodhani imepotea kwenye kamba, tena imemkaa.

Sasa, keki ya tundu huokwa kichwa chini. Kilicho chini kabisa ya kalibu ndicho kitakachokuwa juu ikipinduliwa. Tunda likigusa bati, sukari yake huungua na kunata kama gundi, na ukipindua kalibu, kichwa cha keki hubaki ndani. Mama Keki alilijifunza jambo hilo zamani, kwa vichwa vitatu vilivyong'oka. Tangu hapo alianza na rojo tupu, kina cha vidole viwili, ndipo akaweka rojo lenye matunda juu yake. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini, naye hakuwahi kumwambia mtu.

Keki mbili za kwanza Mpangaji aliziwekea matunda machache tu, yaliyopakwa unga, akayachanganya na rojo, akaziweka kando. Ya tatu akaivutia karibu. Alichagua rasiberi nzima nzima, nyekundu, zilizolingana, akaanza kuzipanga chini kabisa ya kalibu, moja katika kila mfereji, kama anashonea shanga kwenye ukosi wa gauni.

"Hii nataka iwe ya bibi harusi," alisema taratibu. "Ikipinduliwa, zitakaa juu kama taji. Sijawahi kuijaribu. Unaonaje, dada?"

Mama Keki aliyaona yatakayotokea, yote, kama anayaona kupitia kioo cha oveni. Kinywa chake kilifunguka. Lilikuwa neno moja tu: weka rojo kwanza. Kisha akaikumbuka ile cherehani begani kwa mumewe, na lile neno mama mdogo.

"Wewe ndiye Mama Keki Mpya," alisema. "Utaniuliza mimi wa zamani?"

Mpangaji alimtazama kidogo, akaendelea kupanga.

Keki zilipotoka na kupoa robo saa, Mama Keki alipindua zake sita. Zote zilishuka kwa mlio ule laini anaoupenda, zikakaa nzima, mbavu zimechorwa, rangi ya asali. Mpangaji akapindua zake mbili, zikatoka salama. Akapindua ya tatu. Haikutoka. Akaigonga kwa mpini wa kisu, akaigonga tena, na keki ikaanguka bila kichwa, upande mmoja umenyofoka upana wa kiganja, na zile shanga zote zimebaki kwenye bati.

Mama Keki aligeukia dirisha, akajishughulisha na taulo. Moyo wake ulikuwa unacheza ngoma na hakutaka uso uusaliti.

Nyuma yake hakusikia kilio wala laana. Alisikia kijiko kikikwangua. Mpangaji alikuwa anatoa vipande kwenye kalibu, kimoja kimoja, anavirudisha mahali pake kwa ncha ya kisu.

"Gauni likichanika asubuhi ya harusi, hatulitupi," alisema, kana kwamba anazungumza na keki.

Akakamua limau kwenye sukari ya unga, akaikoroga mpaka ikawa nzito kama maziwa ya mgando, akaimwaga juu ya kidonda. Ikatelemka mbavuni polepole. Juu ya kiraka akarundika stroberi na rasiberi mbichi, nyingi, bila mpango, na nyuzi nyembamba za ganda la limau. Alipomaliza, keki ile ilikuwa imechangamka kama mtu anayekuja mbio kukupokea. Zile sita za Mama Keki zilikaa pembeni, nzima, safi, kimya, kama wageni waliowahi mno.

Mama Keki aliiangalia, na wivu ulimpanda mpaka kwenye masikio. Hapo ndipo alipojua, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, kwamba mwanamke huyu hakuiba kila kitu. Hili lilikuwa lake mwenyewe. Na hilo liliuma kuliko wizi.

Binti alikuja saa kumi na moja, bado amevaa sare ya kazi. Mpangaji, akiondoka na daftari kwapani, alimkuta mlangoni, wakanong'ona kidogo. Kisha binti akaingia, akazunguka meza mara mbili. Macho yake yalikuwa yanarudi palepale, kwenye ile ya Mpangaji yenye matunda juu.

"Ile imechanika," alisema Mama Keki. "Iko chini ya sukari. Nakwambia usije ukaaibika."

"Najua. Kaniambia mlangoni, hakunificha." Akamgeukia. "Mama, ulikuwepo anapanga matunda chini?"

"Nilikuwepo. Ni jikoni kwangu."

"Ulijua yatanata."

Mama Keki alikunja taulo mara nne, akalikunjua.

"Aliniuliza kama mtu anayejua," alisema hatimaye.

"Lakini alikuuliza." Binti hakupandisha sauti. Alikuwa na sauti ile ya kazini, ya kumwambia mgonjwa matokeo. "Basi nitakata hiyo."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Keki za Mama Keki zilipangwa meza ya nyuma, na ile yenye kiraka ikawekwa mbele, peke yake, kwenye sahani ya kioo yenye mguu. Mama Keki alisimama mita mbili kutoka hapo, pamoja na wifi yake. Ng'ambo ya meza alisimama Mpangaji, na nyuma yake fundi wa mafriji ndani ya suti iliyoshonwa vizuri mno.

"Usitazame," alinong'ona wifi.

"Sitazami."

"Unatazama."

Mpiga picha alimwambia bibi harusi akate upande wa mbele, wenye matunda mengi, ndio unaopendeza kwenye picha. Binti akanyanyua kisu. Bwana harusi akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti. Mama Keki akaona kisu kinashukia wapi. Kilikuwa kinashukia kwenye kiraka. Kikigusa pale, upande wote ungemomonyoka kama ukuta wa mchanga, mbele ya watu mia mbili na kamera. Mpangaji naye alikiona. Alikuwa amekauka, mkono mdomoni.

Ilikuwa vilevile kama jana. Ilitosha kunyamaza tu, na safari hii wangeaibika wote watatu: Mpangaji, fundi, na binti aliyechagua.

Binti alikuwa anatabasamu na kamera, na kisu kilikuwa kinazidi kushuka.

Mama Keki alipiga hatua mbili, akaweka mkono kwenye mguu wa ile sahani, akaizungusha nusu duara. Upande mzima ukaja mbele.

"Kata hapa," alisema. "Bonyeza usisite."

Kisu kikapita. Kipande kikatoka kizima, na stroberi yake juu. Watu wakapiga vigelegele, na mtu mmoja meza ya katikati akauliza kwa sauti nani kaoka, na akajibiwa kwa sauti kubwa zaidi: Mama Keki Mpya. Binti alimtazama mama yake, mara moja, kisha ikambidi ageukie kamera.

Mpangaji alizunguka meza, akaja mpaka alipo Mama Keki. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Asante, dada."

"Mimi si dada yako," alisema Mama Keki, akampa rundo la sahani. "Shika hizi, watu wanasubiri."